Nusu Inchi na Namba 13

Nenda kwenye gari lolote lililo karibu nawe, chuchumaa kando ya tairi, usome maandishi ya ubavuni. Kama ni gari dogo la kawaida, huenda ukakuta 195/65 R15. Mafundi pancha wa mjini huzitaja namba hizi kama mtu anavyotaja namba ya simu ya mama yake. Ya kwanza, 195, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 65, ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ukilinganisha na upana wake. Ya tatu, 15, ni kipenyo cha rimu, nacho kimeandikwa kwa inchi. Milimita na inchi zimekaa kwenye mstari mmoja, na hakuna anayeuliza zimefikaje hapo.

Ukishasimama, fungua mlango wa dereva. Kama gari limetoka Japani, pembeni kuna stika inayoonyesha upepo wa tairi, tuseme 220 kPa. Sasa mwambie kijana wa kompresa aweke 220 uone atakavyokutazama. Yeye geji yake inasoma ratili kwa inchi ya mraba, na jibu analolitegemea ni thelathini na mbili. Upepo ni uleule. Injini ya gari hilohilo utaitaja kwa CC, ambazo ni sentimita za ujazo, na nguvu yake kwa farasi. Hata farasi wenyewe wako wawili: wa metriki ana wati 735.5, na wa Kiingereza ana wati 745.7. Muuzaji wa magari akikutajia farasi, hakuambii amewatoa zizi gani.

Kuna waliojaribu kusafisha mchanganyiko huu. Mwaka 1975 kampuni ya Michelin ilileta tairi iitwayo TRX, ambayo rimu yake ilipimwa kwa milimita, na saizi mojawapo ilikuwa 390. Lilikuwa tairi zuri, na magari kadhaa ya heshima ya Ulaya yalitoka kiwandani yakiwa nalo. Hata Ford Mustang ya mwaka 1979 ungeweza kuinunua ikiwa na TRX. Lakini rimu ya 390 hailingani na ya inchi 15 wala ya 16, kwa hiyo mwenye gari alipotaka tairi jipya alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha. Leo wanaohangaika na TRX ni watu wanaotunza magari ya zamani. Inchi ya rimu imebaki kwa sababu rimu na tairi hutengenezwa na watu wasiojuana, katika nchi tofauti, na wote wanapaswa kukutana mahali pamoja bila kupigiana simu.

Mimi nasoma shahada ya uzamili katika uhandisi wa mitambo, na tasnifu yangu inahusu namna karakana zinavyohakikisha kwamba vifaa vyao vya kupimia vinasema kweli. Ni mada kavu, nakiri, na kwenye harusi za ndugu nimejifunza kutoieleza. Lakini ndiyo iliyoniingiza katika historia ya vipimo, na ikanifanya nichoke na mzaha mmoja unaopita sana mitandaoni: ramani ya dunia ambamo nchi zote zina rangi moja isipokuwa Marekani, Liberia na Myanmar, pamoja na maneno ya kejeli kuhusu Wamarekani na ukaidi wao. Mzaha una chembe ya ukweli. Tatizo lake ni kwamba unatufanya tuangalie mahali pasipo na hatari.

Mkataba wa Mita ulitiwa saini jijini Paris tarehe 20 Mei 1875 na nchi 17, na Marekani ilikuwa mojawapo. Uingereza, mama mzazi wa inchi tunayoijua, ilijiunga mwaka 1884. Mwaka 1890 Wamarekani walipokea nakala zao rasmi za chuma cha platini na iridi, mita namba 27 na kilo namba 20. Miaka mitatu baadaye Thomas Corwin Mendenhall, mwanasayansi aliyekuwa na dhamana ya vipimo vya serikali, alitangaza kwamba tangu hapo yadi na ratili za Marekani zitatolewa kwenye mita na kilo hizo. Yaani inchi ya Kimarekani ikawa ni mita iliyogawanywa kwa 39.37. Fundi seremala wa Ohio aliyepima mbao kwa futi mwaka 1894 alikuwa akitumia mita bila kuambiwa.

Kwa nini basi hawakuhama kabisa? Sababu kubwa ilikuwa mashine. Mashine ya kuchonga vyuma ina ndani yake parafujo ndefu inayosukuma kisu, na parafujo hiyo ikikatwa kwa inchi, kila inachokizaa kitafuata inchi. Kiwanda chenye mashine elfu kama hizo, michoro iliyojaa makabati na wafanyakazi waliozoea sehemu ya thelathini na mbili ya inchi kama walivyozoea vidole vyao hakihami kwa sababu mtu wa Paris ana hoja nzuri. Ni gharama, na kila kizazi kiliona heri kimwachie anayefuata.

Hata hivyo inchi yenyewe ilikuwa na ugomvi wa ndani. Ya Marekani, kwa hesabu ile ya 39.37, ilikuwa milimita 25.4000508. Ya Uingereza, iliyotegemea kipande chao cha shaba nyeusi kilichotunzwa London, ilipopimwa kwa makini ikaonekana ni kama milimita 25.39998. Tofauti ni sehemu tatu hivi kwa milioni. Kwa fundi nguo huo ni upuuzi, lakini kwa mtu anayetengeneza vifaa vya kukagulia vifaa vingine ni tatizo la kila siku, kwa kuwa lazima achague inchi ya nani.

Aliyechagua alikuwa Msweden, Carl Edvard Johansson, mkaguzi katika kiwanda cha bunduki mjini Eskilstuna. Nampenda mtu huyu kuliko wote katika habari hii. Mwaka 1896 alikuwa ndani ya treni akirudi kutoka kiwanda cha Mauser huko Oberndorf, Ujerumani, ambako aliona jinsi kila saizi ya sehemu ya bunduki ilivyohitaji kipande chake cha kukagulia, na vipande vikajaa rafu kwa rafu. Akaanza kupiga hesabu njiani. Je, vipande vichache vikichaguliwa vizuri haviwezi kuunganishwa ili kutoa saizi yoyote? Hesabu ikamwambia kwamba vipande 102 vinaweza kutoa vipimo kama 20,000. Nyumbani alisugua vyuma vyake kwa cherehani ya mkewe aliyoigeuza kuwa mashine ya kusagia. Vipande hivyo vilikuwa laini kiasi kwamba ukikitelezesha kimoja juu ya kingine vinashikana kana kwamba vimegundishwa. Kwenye maabara yetu tuna seti ya vipande vya aina hiyo ndani ya sanduku la mbao, na hadi leo napata raha ya kitoto kuvishikanisha.

Wateja wa Uingereza na Marekani walipotaka seti za inchi, Johansson hakusubiri serikali mbili zielewane. Alichukua milimita 25.4 kamili, namba iliyokaa katikati ya inchi zile mbili, na joto la nyuzi 20. Mwaka 1923 Henry Ford alimwajiri, akahamia Marekani na kutengeneza vipande vyake ndani ya kampuni ya magari. Fikiria maana yake. Magari yanamwagika kutoka kiwandani kwa wingi ambao dunia haijapata kuuona, na chini ya kila kipimo, mwisho kabisa wa mnyororo wa ukaguzi, kuna kipande cha chuma cha Msweden kinachosema inchi ni 25.4 na basi. Vyombo vya viwango vya viwandani vilifuata, Uingereza mwaka 1930 na Marekani mwaka 1933. Serikali ndizo zilizochelewa. Tarehe 1 Julai 1959 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilianza rasmi kutumia yadi moja ya mita 0.9144, ambayo inchi yake ni milimita 25.4 juu ya alama.

Kwa hiyo tangu siku hiyo hakuna tena vita kati ya inchi na milimita kwa maana ambayo ile ramani inataka tuamini. Inchi ni jina la kiasi fulani cha milimita, kama dazeni ilivyo jina la kumi na mbili. Kinachoua ni kitu kingine, na mwalimu wangu wa kwanza wa jambo hilo alikuwa mjomba.

Mjomba wangu ana gereji ya uani, na Land Rover ndiyo dini yake. Gereji nyingine za mtaani kwetu zinaishi na kisanduku kimoja cha spana, kile cha milimita, kwa kuwa magari mengi yanayoingia ni ya Kijapani. Mjomba ana visanduku vitatu. Cha pili ni cha inchi. Cha tatu kina spana nzito zilizochakaa, zimeandikwa W upande mmoja na BSF upande wa pili. Siku moja nikiwa namsaidia alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Shikamoo, mjomba. Nikupe nini?"

"Marahaba, mama. Nipe nusu."

Nikachukua spana ya nusu inchi kwenye kisanduku cha pili, nikamwekea mkononi. Mkono ukairudisha bila yeye kusema kitu. Kisha sauti ikatoka chini: "Sikukwambia nusu ya Mmarekani. Nusu ya babu."

Nusu ya babu ni ya Joseph Whitworth. Mwaka 1841 mhandisi huyo wa Manchester alipendekeza Waingereza wote wakate meno ya bolti kwa namna moja, yenye pembe ya nyuzi 55, baada ya kukusanya bolti kutoka karakana mbalimbali na kutafuta wastani wake. Spana za mfumo wake hazitajwi kwa upana wa mdomo bali kwa unene wa bolti. Nusu ya Whitworth hufungua nati ya bolti yenye unene wa nusu inchi, na mdomo wake una zaidi ya milimita 23. Nusu ya Mmarekani ina mdomo wa milimita 12.7. Ukiziweka sambamba, moja inaonekana mtoto wa nyingine, na zote zimeandikwa ½.

Marekani nako, mwaka 1864, William Sellers wa Philadelphia alikuja na meno yake ya nyuzi 60, akidai fundi wa kawaida atayatengeneza kwa urahisi zaidi. Alikuwa na haki. Lakini nyuzi 55 hazikai kwenye nyuzi 60, hata inchi zikifanana kabisa, na dunia iliyozungumza Kiingereza ikaishi na bolti za namna mbili. Vita Kuu ya Pili ndipo gharama ilipoonekana. Kampuni ya magari ya Packard, jijini Detroit, ilipewa kazi ya kutengeneza injini za ndege za Rolls-Royce Merlin. Ilibidi wafuate meno ya Kiingereza, maana injini hizo zingefungwa na kutengenezwa na mafundi wa Kiingereza, na wakalazimika kujitengenezea wenyewe vyuma vya kukatia meno hayo. Mnamo Novemba 1948, vita vikiwa vimeisha, Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana meno ya pamoja, yakachukua nyuzi 60 za Sellers. Land Rover za zamani kabisa ziko upande mmoja wa makubaliano hayo na zilizofuata ziko upande wa pili, kisha milimita ikaingia kidogokidogo. Ndiyo maana ya visanduku vitatu vya mjomba. Kuna pia ile spana ya mdomo unaofunguka na kufunga kutoshea kila nati, ambayo mafundi wameipa jina nisiloliandika hapa; kwake hiyo hairuhusiwi kuvuka geti.

Niliwahi kumuuliza kama hachanganyikiwi. Akaniambia hapana, nati itasema yenyewe. Chukua spana namba 13 uiweke kwenye nati ya nusu inchi. Imezidi kwa milimita 0.3. Itaingia, lakini mkono utasikia mchezo, na ukilazimisha pembe za nati zitalika na utajuta. Chukua namba 11 uipeleke kwenye nati ya saba ya kumi na sita, yaani milimita 11.11: haiingii. Namba 19 na robo tatu zinabadilishana vizuri tu, tofauti ni sehemu ya ishirini ya milimita, na mafundi wanalijua hilo bila kikokotoo. Chuma kina namna yake ya kukataa. Kinakataa hapohapo, mbele yako, na hasara kubwa ni nati iliyolika.

Karatasi haikatai. Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Tarehe 23 Julai 1983 ndege ya Air Canada, safari namba 143, iliondoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Ilikuwa Boeing 767, mpya, ya aina ya kwanza katika shirika hilo kuhesabu mafuta kwa kilo. Kanada ilikuwa katikati ya kuhama, na ndege nyingine za shirika bado zilitumia ratili. Siku hiyo kifaa cha kuonyesha mafuta kilikuwa kibovu, ikabidi mafuta yapimwe kwa vijiti vya matangi na hesabu ifanyike kwa mkono.

Ifuate hesabu hiyo, haina ugumu. Safari ilihitaji kilo 22,300. Kwenye matangi kulikuwa na lita 7,682. Ili kubadili lita kuwa uzito unahitaji kujua lita moja ina uzito gani, na waliokuwapo walitumia 1.77, namba waliyoizoea. Wakazidisha, wakapata 13,597. Wakatoa kwenye 22,300, wakabaki na 8,703. Wakagawa kwa 1.77, wakaongeza lita 4,917. Kila hatua ni sahihi, mwanafunzi wa kidato cha pili angeipitisha. Ila 1.77 ni uzito wa lita kwa ratili. Kwa kilo ni kama 0.8, na walipaswa kuongeza lita zaidi ya 20,000. Ndege ikaruka ikiwa na chini ya nusu ya mafuta yake. Ottawa walipima tena kwa vijiti, wakazidisha tena kwa 1.77, karatasi ikawajibu tena kwamba yanatosha.

Jambo moja katika uchunguzi wa baadaye linanisumbua kuliko namba zenyewe. Katika ndege za zamani kulikuwa na mtu wa tatu chumbani mwa rubani, mhandisi wa safari, na hesabu ya mafuta ilikuwa yake. Boeing 767 ilitengenezwa kwa marubani wawili tu. Mhandisi aliondoka, lakini hesabu yake haikukabidhiwa kwa mtu kwa namna iliyoeleweka. Mafundi wa chini walidhani ni ya marubani, na marubani walidhani ni ya mafundi.

Mafuta yalikwisha ndege ikiwa futi 41,000 juu. (Futi, ndiyo. Katika ndege ile ya metriki, kimo kilikuwa futi, kama kilivyo leo katika anga la karibu dunia nzima, la kwetu likiwemo.) Injini zote mbili zilizima. Rubani Robert Pearson kwa bahati alikuwa mrushaji mzoefu wa ndege zisizo na injini, na msaidizi wake Maurice Quintal aliwahi kutumika katika kambi ya jeshi la anga ya Gimli, iliyokuwa karibu. Asichokijua Quintal ni kwamba barabara ya ndege pale ilikuwa imegeuzwa uwanja wa mashindano ya magari, na siku hiyo chama cha waendesha magari kilikuwa kimekuja na familia zao. Pearson aliishusha ndege kwa ubavu ili ipoteze kimo, akaigusisha chini, gurudumu la mbele likakunjika, pua ikaburuzika kwenye lami. Watu 69 walikuwa ndani. Wote walitoka hai, na waliokuwa kwenye magari hawakuguswa.

Wengi husimulia kisa hiki kama hoja dhidi ya mfumo mmoja. Waliopinga metriki Kanada walisema, mnaona? Wanaoipenda walisema, mngehama wote kwa pamoja. Mimi naona namba iliyosafiri bila jina lake. Kama karatasi ingekuwa na neno "ratili" pembeni ya 1.77, mtu mmoja kati ya wale waliokuwa pale huenda angesita, kama mkono wa mjomba ulivyoisita ile spana.

Wanasayansi hupenda kujiona wako nje ya mambo haya. Maabara za Marekani zimetumia metriki kwa miaka mingi, na tukisoma majarida yao hatukuti futi. Lakini sayansi hainunui vyombo vyake mbinguni. Inavinunua kwa makampuni, na hapo ndipo mshono ulipo. Sheria ya mwaka 1975 iliyosainiwa na Rais Gerald Ford iliifanya metriki kuwa hiari, bodi iliyoundwa kuisimamia ikavunjwa mwaka 1982 wakati wa Ronald Reagan, na kila kiwanda kikabaki na uamuzi wake. Viwanda vya magari vilihama polepole, hata ukakuta gari moja la Kimarekani la miaka ya 1980 lina bolti za inchi na za milimita. Mafundi walilaani, wakanunua kisanduku cha pili, maisha yakaendelea. Katika anga za mbali hakuna fundi wa kulaani.

Chombo kiitwacho Mars Climate Orbiter kilirushwa tarehe 11 Desemba 1998. Kilikuwa na bawa moja la kukusanya nguvu za jua, upande mmoja tu, na mwanga wa jua ukikisukuma kwa udogo usiosikika ulikuwa ukikigeuza. Magurudumu ya ndani yalizuia kugeuka huko, na kila yalipofikia kikomo, roketi ndogo zilipuliza kidogo ili kuyapa nafuu. Kila mpulizo ulikisogeza chombo kwa kiasi kidogo sana. Hivyo kila mpulizo ulipaswa kuhesabiwa, na hesabu ikapelekwa kwa waongoza njia walioko California. Programu iliyotayarisha hesabu hizo ilitoka kwa kampuni iliyounda chombo, Lockheed Martin. Mkataba ulisema faili liwe kwa niutoni-sekunde, lakini programu ikaandika kwa ratili za nguvu. Moja ya pili ni 4.45 ya ya kwanza. Faili halikuwa na jina la kipimo, ni namba tupu, na namba zilionekana za kawaida.

Kosa lilikuwa dogo kila siku, na likalimbikizwa kwa zaidi ya miezi tisa. Na kuna watu waliolinusa. Waongoza njia waliona mahesabu yao hayakubaliani vizuri na mahali chombo kilipoonekana kuwa, wakasema, ila walisema kwa mazungumzo na barua pepe na si kwa njia rasmi ambayo ingemlazimisha mtu kujibu. Baada ya marekebisho ya mwisho tarehe 15 Septemba 1999, chombo kilitarajiwa kupita kilomita 226 juu ya Mirihi. Katika wiki iliyofuata makadirio yakashuka kati ya 150 na 170. Saa 24 kabla ya kufika, yakawa 110. Ilijadiliwa kupuliza roketi mara moja zaidi kukiinua, haikufanyika. Chombo hakikuweza kuhimili chini ya kilomita 80. Asubuhi ya tarehe 23 Septemba kilijificha nyuma ya Mirihi, na hakikutokea tena. Hesabu zilizorudiwa baadaye zilisema kilipita kilomita 57.

Magazeti yaliandika kwamba NASA walisahau kubadili inchi. Edward Weiler, aliyesimamia sayansi ya anga katika NASA, aliliweka vingine: watu hukosea, na kilichoshindwa hapa ni ukaguzi uliopaswa kulikamata kosa. Namuunga mkono, nikiongeza kwamba ukaguzi ulishindwa kwa sababu ulimwomba binadamu afanye kazi ambayo kwenye gereji hufanywa na pembe za nati.

Muhula huu nasimamia mazoezi ya maabara ya vipimo kwa mwaka wa kwanza. Wanafunzi hao wamekulia katika nchi iliyohamia metriki mwishoni mwa miaka ya 1960, muda mrefu kabla hawajazaliwa, lakini nyumbani kwao bomba ni la nusu inchi, nondo ni ya milimita 12, mbao ni mbili kwa nne, bati ni la geji (ambayo namba ikipanda bati linakuwa jembamba, usiniulize), na debe, lililoanza kama kopo la galoni nne za mafuta ya taa, sasa ni ndoo ya lita 20. Si kweli kwamba wanachanganyikiwa. Wanavuka mipaka hiyo kwa wepesi wa mtu anayebadili kutoka Kiswahili kwenda lugha ya nyumbani katikati ya sentensi. Dukani muuzaji yupo, bomba lipo, na likikataa kuingia linakataa.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliniletea karatasi ya majibu. Alikuwa amepima vizuri, kalipa ameishika inavyotakiwa, amerudia mara tano na kutafuta wastani. Mwisho wa ukurasa ameandika 12.7 na kuipigia mstari miwili chini.

"12.7 nini?" nikamuuliza.

"Si inajulikana, dada," akasema. "Wote tumepima kitu kimoja."

Nikamrudishia karatasi na kalamu. Akaandika mm kwa herufi ndogo sana, kama anayenipa sadaka, akaenda zake kula.